Mbwa Niliyemweka Akiba

Mami,

Nakuomba kwanza, mwanangu, kabla hujasoma zaidi: maneno haya yawe yako peke yako. Usimsomee rafiki utakayempata wiki ya kwanza, usimwonyeshe mwalimu hata kama ana uso wa kuaminika, na usimwambie shosho. Hasa shosho. Unajua mama yangu huyu anavyokaa benchi moja na mke wa bosi wangu kila Jumapili, na unajua kwamba shosho akipewa siri huwa haisemi, anaiombea tu, kwa sauti, mbele ya akina mama wote. Ukimaliza kusoma, irarue barua hii vipande vidogo kabisa. Najua ni jambo zito kumwomba mtoto wa miaka kumi na mitano. Nakuomba hata hivyo.

Ni saa tisa mchana. Wewe umeenda Adams Arcade kunyolewa nywele kama shule inavyotaka, na shosho amelala kitandani kwangu bila kuvua viatu, eti kesho asichelewe kukupeleka shule ya bweni. Mimi sikupewa ruhusa ya kukusindikiza, na sababu yake utaiona humu ndani. Habari za sabuni, soksi, kufuli ya sanduku na kutomwazima mtu ndoo, shosho ameshakwambia mara tatu. Sitaziongeza. Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako cha biolojia, kwa kuwa najua ndicho utakachokifungua kwanza.

Nataka kukwambia habari za yule mbwa, Shemasi. Hayuko Karen. Hakuwahi kufika Karen.

Nimeandika hayo nikaacha kalamu, nikaenda kuangalia kama nimefunga gesi. Ilikuwa imefungwa. Unanijua. Nimerudi.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Uliona meza, kompyuta na kikombe changu kule Westlands, ukaona walinzi wakija kuchukua sare. Kazi yenyewe ni kupanga zamu: mlinzi gani aende lango gani, na mbwa gani aende naye. Mbwa wetu hukaa kwenye vibanda kule Loresho, upande wa chini, na wateja wengi wako papo hapo juu, kwenye malango yenye kibao cha Mbwa Kali. Kwa miaka minne niliwapanga mbwa hao bila kuwaona. Kwangu walikuwa namba kwenye rejista, na mbele ya kila namba palikuwa na nafasi tatu za kutia alama: Kazini, Mgonjwa, Akiba. Rejista yangu ilikuwa safi. Hata mkaguzi wa hesabu aliwahi kuisifu, nikatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Ni wewe uliyenifanya niwaone. Likizo ile ya Aprili sikuwa na mtu wa kukuacha naye, nikaenda nawe vibandani kupeleka karatasi, na mzee Barasa akakupa kiti cha plastiki ukae kivulini. Nakukumbusha kuwa Barasa ndiye mlinzi wa siku nyingi kuliko wote, anatoka Bungoma, na kutembea na mbwa ni kazi aliyoifanya tangu wewe hujazaliwa. Yeye hakutumia namba. Mbwa wote aliwapa vyeo vya kanisani. Kulikuwa na Askofu, mnene na mvivu. Kulikuwa na Mweka Hazina, ambaye alificha mifupa. Na namba arobaini na moja alikuwa Shemasi, kwa sababu aliinamisha kichwa kabla ya kula.

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukaacha kucheka, ukamsogelea, na mimi nikapiga kelele urudi. Barasa akasema, "Mwache, Karani. Huyu si mkali. Ni wewe umemwandika mkali."

Nilidhani ananitania tu. Wewe ulikuwa umeshainama, unatazama chini ya ukanda wa shingo yake, mahali ambapo manyoya yalikuwa yameisha na nyama ilikuwa mbichi.

"Mum, ana kidonda. Si umwandike mgonjwa apumzike?"

Nikasema, "Nitaangalia."

Mami, neno hilo nimelitumia maisha yangu yote. Nitaangalia. Mtu akilisikia anadhani umekubali, na wewe mwenyewe unajua hujakubali wala hujakataa. Ukiwahi kujisikia ukilisema, simama hapo hapo ujiulize unamwogopa nani.

Nilimwogopa bosi. Nafasi ya Mgonjwa ilikuwa na masharti: ukitia alama pale, lazima daktari wa mifugo aitwe, na fomu yake isainiwe na bosi. Tangu niajiriwe, hakuna mbwa aliyewahi kuwa mgonjwa katika rejista yangu. Hebu lifikirie hilo. Mbwa wote wale, miaka minne, hata kikohozi hakuna. Mimi niliyesoma utunzaji wa kumbukumbu jioni baada ya jioni, ghorofa ya tano pale Tom Mboya Street huku wewe umelala kwa shosho Kinoo, niliuona ukurasa usio na ugonjwa hata mmoja nikadhani ni ukurasa mzuri.

Basi nikatafuta njia ya pembeni. Sikumwandika Shemasi mgonjwa. Nilimwandika Akiba. Akiba haikuhitaji saini ya mtu. Nilimtilia alama Jumatatu, na kila Jumatatu iliyofuata nikamwacha pale pale, nikafurahi moyoni kwamba nimemtendea mnyama wema na hakuna aliyejua. Uliponiuliza, nilikwambia, "Amepumzika." Ulinikumbatia. Ulikuwa umebeba ukoko wa ugali kwenye karatasi ili nimpelekee, na mimi niliuacha kwenye droo ya ofisini mpaka ukaota ukungu, kwa sababu sikutaka kuonekana na bosi nikienda vibandani bila kazi.

Sasa nitakwambia kitu ambacho sikukijua, na ambacho ningekijua kama ningeuliza swali moja tu.

Chakula cha mbwa hupikwa kwa kufuata orodha yangu ya zamu. Mpishi anaipokea asubuhi, anahesabu walio Kazini, anapika ugali na matumbo ya kuwatosha hao. Walio Akiba hupewa kinachobaki, kama kimebaki. Na mbwa aliye Akiba hafunguliwi, kwa sababu matembezi yake ya pekee ni yale ya kwenda kazini na kurudi. Kwa hiyo wema wangu ulikuwa huu: kwa wiki saba Shemasi alikaa ndani ya kibanda kisichozidi upana wa meza hii, mchana na usiku, na kidonda chake shingoni, akila makombo. Mimi nilikuwa Westlands nikitia alama.

Kuna jambo la zamani ambalo limekuwa likinirudia tangu nilipojua hayo. Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu, guka wako, alikuwa na mbwa anayeitwa Bosko. Unajua wazee wetu wanavyoamini: mbwa akizoea mwanga na watu, hawezi kazi tena. Kwa hiyo Bosko alifungiwa kutwa ndani ya kibanda cha mabati kilichozibwa kila tundu, na kufunguliwa giza likiingia, na sisi watoto tulikuwa ndani tayari. Sikuwahi kumwona vizuri. Nilimsikia tu akikwaruza. Siku moja watu wote walikuwa shambani, na mimi, sijui ujasiri ule niliupata wapi, nikaenda nikavuta komeo. Nilikimbia nikapanda juu ya tangi la maji. Nikangoja atoke aniume. Hakutoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa, jua linaingia, na yeye amejibanza pembeni, amefumba macho. Nilishuka nikamwita. Akajibanza zaidi. Basi nikasikia sauti ya mama barabarani, nikaogopa kuchapwa, nikaurudisha mlango na komeo lake. Hakuna mtu aliyejua mpaka leo. Nilipokuwa msichana mkubwa nilijiambia kwamba kosa langu siku ile lilikuwa kufungua. Nimechukua miaka mingi kukubali kwamba lilikuwa kufunga tena.

Ndivyo ulivyo uoga, Mami, angalau wangu. Haukuja ukitetemeka. Ulikuja na mwandiko mzuri na karatasi zilizopangwa vizuri. Watu walinisifu kuwa mimi ni mwangalifu.

Turudi kwa Shemasi.

Mwisho wa wiki ya saba bosi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na chai yake mkononi. Aliuliza hao mbwa wa akiba wanatufaidi nini. Nikasema sijui. Akasema nimchapie orodha ya wote waliokaa Akiba zaidi ya mwezi, waondolewe kesho. Alisema "waondolewe" kama mtu anayezungumzia viti vilivyovunjika. Walikuwa wanne. Niliandika namba ya kwanza, ya pili, nikafika kwa arobaini na moja.

Nataka ujue kwamba nilisita. Nataka pia ujue kwamba kusita kwangu hakukumsaidia mtu. Ningeweza kusema, "Huyu ni mzima, bosi, ni mimi nilimweka hapo kimakosa." Sentensi moja, nayo ni ya kweli. Lakini ningeulizwa kwa nini nilimweka, na nikisema kidonda, ningeulizwa kwa nini sikuripoti kidonda, na kila jibu lilikuwa linanipeleka kwenye jibu jingine. Niliyaona yote kama ngazi inayoshuka. Nikachapa namba. Chini yake kompyuta huweka yenyewe maneno "Imeandaliwa na," kisha jina langu.

Siku iliyofuata Barasa alipanda ofisini. Hakuwa amewahi kupanda, walinzi huishia dirishani chini. Alikuwa ameshika karatasi ile.

"Karani, ni wewe umeandika hii?"

Nikamwambia niliandika nilichoambiwa.

Akaitazama tena. "Shemasi ana umri gani?"

Sikujua. Rejista haina mahali pa umri.

"Ana miaka mitano," alisema. "Mbwa wa miaka mitano ni kijana. Ulimweka akiba kwa nini?"

Nilimwambia kwa sauti ya chini, ili bosi asisikie, kwamba nilitaka apumzike. Barasa aliikunja karatasi ile. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Ndipo aliponieleza habari ya chakula na ya kutofunguliwa, pole pole, kama unavyomweleza mtoto mahali ambapo amekosea hesabu. Mwisho akasema, "Kumbe ulikuwa unampenda. Mimi nilidhani umemsahau."

Nilimwomba anisaidie kutafuta njia. Akaniambia imekwisha. Mbwa wote wanne walikuwa wametolewa vibandani alfajiri, hakukuwa na daktari, na yeye ndiye aliyeambiwa ashike kamba kwa sababu mbwa walimwamini. Sitakuandikia mengine aliyonieleza. Kitu kimoja tu: alisema Shemasi aliinamisha kichwa, kwa kuwa alidhani ameletewa chakula.

Jioni ile uliniuliza anaendeleaje. Nilikuwa nakata sukumawiki, sikugeuka. Nikakwambia amepata mteja Karen, nyumba yenye bustani kubwa, mama mmoja mzee anayependa mbwa. Uliniuliza jina la yule mama. Nikakupa jina! Nilikuwa sijawahi kukudanganya kitu kikubwa, hata kuhusu baba yako nilikwambia ukweli, na sasa uongo ulitoka umepambwa, una bustani na mti wa jakaranda ndani yake.

Kisha ikaja ile siku ya wazazi shuleni kwenu. Ulisimama mbele ya ukumbi na karatasi zako ukazungumza juu ya wanyama wanaotufanyia kazi: punda wa maji wanaopita hapa Riruta na vidonda mgongoni, ng'ombe wa maziwa wasioona nyasi, mbwa wa ulinzi. Ulisema kila mnyama wa kazi anapaswa kuandikwa kwa jina, awe na siku ya kupumzika, aonwe na daktari, na akizeeka alelewe. Baba mmoja nyuma yangu akacheka akasema, "Hata mimi sina hayo." Watu wakacheka. Wewe hukutetereka. Ulimjibu, "Basi tuyadai pamoja, mzee." Nilijivuna sana. Halafu ukasema unajua kwamba inawezekana, kwa sababu mama yako ni karani katika kampuni ya ulinzi na alimsaidia mbwa mmoja aliyeumia mpaka akapata nyumba nzuri Karen. Mwalimu mkuu akaniomba nisimame.

Nilisimama, Mami. Nilipigiwa makofi.

Nimejaribu mara nyingi kuielezea nafsi yangu dakika ile. Sijaweza. Najua tu kwamba baada ya siku hiyo, ulipokataa kula mbuzi Krismasi na wajomba zako wakakuita daktari wa mbuzi, nilicheka pamoja nao, na nilicheka kuliko wote. Nilihitaji uonekane mtoto tu. Kama ungekuwa na haki, mimi ningekuwa nani? Nisamehe kicheko kile. Mimi bado nakula nyama, sitajifanya mwingine kwenye karatasi, na sijui mpaka unaopaswa kuwekwa kati ya mbuzi wa Krismasi na mbwa wa Loresho. Wewe unasema hakuna mpaka. Labda watoto wako watashangaa kusikia kwamba tuliwahi kukodisha mbwa kama tunavyokodisha hema na viti vya harusi. Mimi nimefika mahali padogo tu: najua kwamba kiumbe akikufanyia kazi, huwezi kumtunza kwa karatasi bila kwenda kumtazama. Kama ningetembea kutoka kituo cha matatu cha Loresho mpaka vibandani mara moja kwa wiki, dakika kumi, Shemasi angekuwa hai. Nimefika hapo nimechelewa, na gharama yake aliilipa mwingine.

Sasa nikwambie kwa nini haya ni siri, na kwa nini sikusindikizi kesho.

Barasa hakunyamaza kama mimi. Alikwenda katikati ya jiji, kwa wale watu wa serikali wanaohusika na afya ya wanyama, akaeleza habari za vibanda na za wale mbwa wanne. Wiki iliyopita bosi alipewa taarifa kwamba wakaguzi wanakuja Jumatano na watataka rejista. Siku hiyo hiyo Barasa alifukuzwa kazi, ikasemwa kuwa amesema uongo kwa sababu ya pombe. Barasa hanywi hata chai yenye majani mengi.

Ijumaa bosi aliniita akafunga mlango. Mezani palikuwa na rejista mpya, tupu, na kalamu tatu: ya bluu, nyeusi, na bluu nyingine iliyofifia kidogo. Alisema niandike miaka miwili upya. Niweke wagonjwa wachache, niweke ziara za daktari, na wale mbwa wanne niwaandike kuwa walikufa kwa maradhi. "Badilisha kalamu kila baada ya kurasa chache," alisema. "Isionekane imeandikwa siku moja. Mwandiko wako ni mzuri, wataamini." Ile ya zamani niichome. Kisha akaniuliza habari zako, akasema anakuombea ufaulu, na nadhani alikuwa anamaanisha. Ni mzee wa kanisa letu na alinipa kazi wakati hakuna aliyetaka kumwajiri msichana mwenye mtoto. Nakwambia hilo ili usidhani kwamba watu wanaofanya mambo haya wana pembe. Ana wajukuu, na mbwa wake wa nyumbani analala kwenye zulia.

Ninatakiwa kumpelekea rejista mpya kesho jioni. Ndiyo maana sikupata ruhusa.

Jana, ulipokuwa umeenda Biashara Street na shosho kununua sweta, nilikaa hapa nikafungua ule ukurasa wa kwanza. Nilianza. Sitakuficha. Niliandika mistari kumi na moja, na mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Nilipofika arobaini na moja ilibidi niandike ugonjwa uliomuua. Nikatafuta kwenye simu magonjwa ya mbwa. Nilikuwa nachagua, Mami, kama mtu anayechagua kitambaa: huu unaua haraka mno, huu unahitaji cheti cha maabara. Nikajiona. Nikafunga daftari nikampigia Barasa.

Nilidhani atanitukana. Aliuliza kama mtoto ameshapata nafasi ya shule. Nikamwambia ninayo rejista ya zamani, sijaichoma. Nikamwambia naogopa. Akasema hata yeye anaogopa, kodi ya nyumba yake inafika mwisho wa mwezi kama ya kila mtu. Tumekubaliana hivi: kesho jioni nitamwambia bosi kwamba sijamaliza kuandika, na Jumanne saa nne asubuhi nitaomba kutoka kidogo, nitashuka mjini na rejista ya zamani ndani ya mkoba, na yeye atanisubiri nje ya ile ofisi ya serikali. "Usipokuja nitajua umeshindwa," alisema. "Sitakulaumu, Karani. Lakini mimi sitakusalimu tena."

Nikiipeleka, watu wataona jina langu chini ya orodha ya wale mbwa wanne. Sijui sheria inamwita nini karani aliyechapa. Huenda niwe shahidi, huenda niwe mshtakiwa, na hakika sitakuwa na kazi. Shosho atalia kwamba nimemwaibisha mtu aliyetusaidia. Kanisani tutabadilisha benchi. Kuhusu shule yako, karo ya muhula huu haigusiki, hilo nimelihakikisha. Yanayofuata sitayaahidi. Usije ukaiacha biolojia kwa sababu ya kunionea huruma.

Ningeweza kungoja ujue baadaye, nikishakuwa nimefanya jambo jema, ili usikie aibu na tiba yake kwa pamoja. Nimeona huo nao ungekuwa ujanja wa rejista. Nakwambia leo, Jumapili, nikiwa bado sijafanya lolote, na sina uhakika wowote na miguu yangu. Utakapokuwa unasoma, huenda nitakuwa nimeshaamua. Ulinisimamisha mbele ya watu ukanipa sifa isiyo yangu. Unayo haki ya kunivua sifa hiyo.

Nasikia shosho anaamka, anauliza uko wapi. Namalizia haraka.

Ukitaka kunipata, usipige namba ya ofisi. Hata kama bado nitakuwa pale, simu ile husikilizwa. Usipige simu yangu pia, kwa sababu kama wataichukua kwa uchunguzi sitaki jina lako liwe ndani. Mnaruhusiwa simu ya kadi Jumapili baada ya chakula cha mchana. Piga kwa Mama Achieng, yule jirani wa mboga. Namba yake nimeiandika nyuma ya jalada la kitabu hiki, kwa penseli. Nitakuwa nimekaa kibandani kwake kuanzia saa saba mpaka jioni, Jumapili ijayo na kila Jumapili. Yeye hajui lolote, mwambie tu, "Naomba mama."

Nikishika simu, usinisalimu kwanza na usiniulize kama bado nina kazi. Niulize neno moja: ulipeleka? Nitajibu ndiyo au hapana. Ukisikia nimeanza kueleza, ujue sikupeleka, na ukate simu.

Mama yako